Bolti Ile Si Yangu

Vijana wenzangu wa karakana,

Mwezi uliopita mliniaga kwa pilau, soda na hotuba nne, tatu kati yake ndefu kuliko zilivyostahili. Mwishoni mkanikabidhi kibao cha mninga kilichopigwa randa vizuri, katikati kimesimamishwa bolti ya shaba, na chini yake mmechonga: BOLTI YA MZEE ALOISI. Nilipokea, nikashukuru, nikakaa. Wengine mliona macho yangu yamelowa mkadhani ni furaha ya mstaafu. Haikuwa furaha. Nilitamani kukiacha kibao kile juu ya meza ya pilau nijiondokee, nikashindwa, kama nilivyoshindwa mara nyingine ambazo nitazieleza hapa.

Kila aliyepita mikononi mwangu anaijua kanuni hiyo. Nyaya zote za ethi, yaani zile zinazorudisha umeme kwenye bati la chini, zikutane kwenye bolti moja tu, na bolti hiyo ikae karibu na mahali sauti inapoingilia. Nimewafokea kwa ajili yake. Nimewahi kumfungulisha mtu kazi ya siku tatu kwa sababu niliona bolti ya pili imejificha nyuma ya transfoma. Ninyi mkaipa kanuni jina langu, na mimi kwa miaka zaidi ya thelathini nikanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua vizuri kuliko zote.

Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi nataka kuwaambia habari za amplifaya moja tuliyoiunda kwa mikono, za mtu aliyeitwa Fundi Kibwana, na za mchana mmoja wa Ijumaa.

Niliingia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikitoka Kilimanjaro, umri wangu miaka ishirini na mbili. Baba mdogo alikuwa na duka la unga na sukari Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni, nami nikalala kwenye chumba cha magunia nyuma ya duka. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi kwa Bwana Narendra, Mhindu aliyeuza na kutengeneza redio Uhindini, upande wa nyuma wa Posta. Kila asubuhi nilikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu. Siku za masika nilivua viatu nikavishika mkononi, kwa sababu Bwana Narendra hakupenda tope dukani kwake.

Siku ya kwanza nilidhani nitaulizwa nimesoma hadi darasa la ngapi. Fundi Kibwana, aliyeshika meza ya matengenezo nyuma ya duka, hakuuliza. Alinitazama kiunoni, akasema, "Kaptula hiyo haina mfuko."

"Haina, fundi."

"Nenda kwa fundi cherehani akushonee. Wa kushoto. Kisha rudi."

Nilikwenda nikiwa nimenuna, nikarudi na mfuko. Ndipo akaniambia kwamba ndani ya redio ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, mna umeme wa kumuua ng'ombe, na kwamba unabaki mle hata ukishachomoa waya ukutani. Ukipima kwa mikono miwili, umeme unaingia kwa mkono mmoja na kutokea kwa mwingine, na njiani unapitia moyo. "Kwa hiyo wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unakaa mfukoni. Ukiutoa, nitakurudisha kwa baba yako mdogo ukauze sukari." Hayo ndiyo masomo yangu ya siku ya kwanza, na ndiyo sababu niko hai niandike upuuzi huu.

Kibwana alikuwa Mzaramo wa makamo, mwembamba, mwenye penseli ya seremala sikioni na kikohozi kisichoisha. Redio alijifunzia jeshini wakati wa vita, huko Burma, akarudi na ufundi mkubwa na cheti hata kimoja hakupewa. Wazungu walioleta redio zao walimwita boi wa redio, naye alikuwa na mvi. Walipeleka maelezo kwa Bwana Narendra kwa Kiingereza, Bwana Narendra akayageuza kwa Kiswahili, na Kibwana, aliyekwisha kuyasikia yote kwa Kiingereza, alisikiliza mara ya pili kwa adabu. Sikuwahi kumwona akikasirika. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, jambo ambalo halikumsaidia kitu.

Alifundisha kwa masikio. Nikimwambia valvu imekufa, aliniuliza, "Umesikia nini?" Ukisema umeona, anakurudisha. Kila redio ilikuwa na namna yake ya kulalamika, alisema, na fundi anayekimbilia kufungua skrubu kabla ya kusikiliza ni mwizi wa muda wa watu.

Mwaka wangu wa pili, Bwana Narendra alitaka amplifaya ya kukodisha kwenye maharusi na mikutano. Za kununua zilitoka Ulaya kwa meli na kungojewa miezi, kisha zikifika zinashikwa na unyevu wa bandarini kabla hazijawashwa. Kibwana akasema tuunde yetu. Bwana Narendra alicheka, kisha akaona hatanii.

"Vifaa utapata wapi?"

"Valvu zipo kwenye masanduku ya jeshi yaliyouzwa kwa mnada. Bati nitakunja mwenyewe. Transfoma ya kulisha umeme nitang'oa kwenye redio mbovu."

"Na transfoma ya kwenda spika? Hiyo hakuna Dar es Salaam nzima."

"Nitasuka," akasema Kibwana. "Na ikishindwa, niulizwe mimi."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara ngapi sijui.

Kwa ninyi mliozaliwa na vidude vyenu vidogo vya miguu mitatu, transista, nieleze kidogo. Amplifaya yetu mwishoni ilikuwa na valvu mbili kubwa zinazopokezana kazi, moja inavuta, nyingine inasukuma. Zote mbili zinaingia kwenye transfoma moja, kila moja upande wake, na pande hizo mbili lazima ziwe na mizunguko ya waya inayolingana. Zikilingana, mvumo unaotoka kwenye umeme unajifuta wenyewe. Zisipolingana, valvu moja inabeba mzigo wa mwenzake, mvumo unabaki, na chuma kinapata joto. Kibwana alikadiria mizunguko elfu moja na mia nne kila upande, kwa waya mwembamba wenye vanishi, na kati ya tabaka na tabaka karatasi iliyochovywa kwenye nta ya mishumaa.

Mashine ya kusukia ilikuwa gurudumu la cherehani mbovu lililopigiliwa mezani. Haikuwa na kihesabio. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza waya ukiwa umekazwa, na mdomo unahesabu. Ukifika mia, unachora kistari kwenye ubao kwa penseli, unaanza tena moja. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Kibwana aliruhusu mkono wa kushoto utoke mfukoni.

Tatizo lilikuwa salamu. Mji huu mtu hapiti mlangoni kwako bila kukusalimu, na wewe huwezi kumwacha bila jibu, hasa akiwa mkubwa. Atakuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za mvua, na hesabu yako imekwenda na maji. Kwa hiyo Kibwana alibuni kitambaa chekundu. Kikining'inizwa mlangoni, maana yake ndani wanasuka: hawasalimiwi, na wakisalimiwa hawaitikii, na hakuna wa kununa. Mtaa mzima ulilijua hilo. Hata muuza kahawa alipita akiwa ameviziba vikombe vyake kwa kiganja visigongane.

Upande wa kwanza Kibwana aliusuka mwenyewe siku ya Alhamisi. Ijumaa alianza kukohoa sana asubuhi, na ilipokaribia adhuhuri akaniambia, "Upande wa pili suka wewe. Mimi nakwenda kuswali." Aliyekuwa hajaniruhusu kugusa hata nta, siku ile alinikabidhi gurudumu. Alining'iniza kitambaa mwenyewe, akaondoka. Bwana Narendra alikuwa kwake akila chakula cha mchana. Nilibaki peke yangu na nilijiona mtu.

Nilikuwa nimepita vistari vinane pale Baba mdogo alipotokea mlangoni, na nyuma yake Mzee Lazaro, amevaa koti zito la kwetu kwenye joto lile. Mzee Lazaro alikuwa baba yake Agnesi, binti niliyekuwa nimempelekea posa. Alikuwa ametoka Moshi kwa treni kuja kuona kijana anayemwomba binti yake anafanya kazi gani mjini. Wote wawili hawakuwa watu wa mtaa ule. Kitambaa chekundu kwao kilikuwa kitambaa.

"Aloisi," aliita Baba mdogo.

Niliendelea kuhesabu, sasa kwa sauti, nikitumaini wataelewa.

"Aloisi. Mkweo yuko mlangoni."

Nilimwona Mzee Lazaro akimtazama Baba mdogo, na Baba mdogo akitazama chini. Ninyi mnajua kwetu maana yake nini kumpokea mkwe ukiwa umekaa, mikono kwenye kazi, hujafungua mdomo. Niliachia gurudumu, nikaachia waya, nikasimama nikajipangusa mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekukatiza?"

"Hapana, baba. Karibuni."

Walikaa kiasi cha robo saa. Mzee Lazaro aliuliza redio inasemaje na mtu hayumo ndani, nikamweleza, akaridhika au akajifanya kuridhika. Walipoondoka nilirudi mezani. Waya ulikuwa umelegea, na mizunguko kadhaa ya mwisho ilikuwa imeruka na kupandana. Niliirudisha kwa ukucha. Kisha nikatazama ubao. Vistari vinane. Lakini nilikumbuka, au nilidhani nakumbuka, kwamba nilitimiza mia nyingine nikiwa nawatazama mlangoni, na sikuichora. Kwa nini nilichagua kuamini hivyo, najua sasa: kwa sababu njia nyingine ilikuwa kuufungua upande wote na kuanza upya, na Kibwana angenikuta bado nasuka, akaniuliza, nami ningelazimika kusema nimevunja sharti lake la kitambaa siku ya kwanza tu niliyoaminiwa. Nilichora kistari cha tisa. Nikaanza moja.

Kibwana aliporudi, nilikuwa nafunga karatasi ya mwisho.

"Zimetimia?"

"Zimetimia, fundi."

Akashusha kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni.

Wiki iliyofuata tuliunganisha kila kitu na kuiwasha. Valvu ziliwaka vizuri, rangi ya machungwa, na kwenye spika ukatoka mvumo wa kujaza chumba. Kibwana hakushangaa. Alikaa mbele ya spika amefumba macho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hapa mna mivumo miwili. Tumtoe mmoja kwanza, tumsikie mwenzake."

Hapo ndipo ilipozaliwa bolti. Kama mafundi wote wa wakati ule, tulikuwa tumefunga kila waya wa ethi mahali popote palipokuwa karibu kwenye bati. Kibwana alianza kuzihamisha moja moja, na kila alipohamisha alisikiliza. Ilimchukua siku tisa. Alipiga michoro kwenye karatasi za kufungia sukari nilizomletea kutoka dukani kwa Baba mdogo. Aliniambia umeme ukirudi kwa njia mbili, unazunguka baina ya njia hizo na kuimba wenyewe, kwa hiyo upewe njia moja tu ya kurudi. Siku ya tisa nyaya zote zilikutana kwenye bolti moja ya shaba karibu na soketi ya maikrofoni, na mvumo mkubwa ukakatika. Nilipiga makofi. Yeye aliinua kidole ninyamaze. Mvumo wa pili ulikuwepo bado, mdogo, wa chini, na moja ya valvu kubwa ilikuwa ya moto kuliko mwenzake.

Nilijua ni nini. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na shaka. Nilimwona mtu yule akibadilisha valvu, akibadilisha rezista, akiilaumu mikono yake mwenyewe, akikunja bati upya, na kila jioni nilivuka Mnazi Mmoja nikijiambia kesho nitasema. Kesho ilifika mara nyingi.

Siku moja alichukua transfoma ndogo ya kengele, akaiunganisha kwenye ile tuliyoisuka, akapima upande mmoja, akapima wa pili, akaandika tarakimu mbili kwenye karatasi ya sukari. Wakati ule sikujua kwamba kipimo kile ni cha kulinganisha mizunguko ya pande mbili. Alizitazama tarakimu, akarudisha penseli sikioni.

"Aloisi, ile Ijumaa nilipokwenda kuswali, kazi ilikwendaje?"

"Vizuri, fundi."

"Hakuna kilichokukatiza?"

"Hakuna."

"Basi," akasema, na akaizima amplifaya. Kwa siku nne hakuigusa tena. Alitengeneza redio za watu na kukohoa, na amplifaya ikakaa katikati yetu juu ya meza.

Bwana Narendra hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuahidi. Alikuwa amemwahidi mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mteja wake wa zamani, kwamba harusi ya binti yake Jumamosi alasiri itakuwa na kipaza sauti. Ijumaa akaja nyuma ya duka.

"Mashine iko tayari?"

"Bado, Bwana."

"Ina kasoro gani?"

Kibwana alinitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayempisha mwingine apite mlangoni kwanza. Nilishughulika na risasi ya kuchomelea.

"Transfoma," akasema.

"Si umeisuka wewe?"

"Ni yangu."

"Sauti inatoka?"

"Inatoka. Lakini haitastahimili saa nyingi."

"Saa mbili tatu tu, Kibwana. Nimekwisha toa ahadi," akasema Bwana Narendra, na amplifaya ikapelekwa.

Harusi ilikuwa uani, chini ya turubai, na wanawake walijaa hadi barabarani. Saa mbili za kwanza zilikwenda salama. Watu walikuja kuitazama, wakauliza imetoka nchi gani, na Bwana Narendra, amevaa nguo nyeupe, akawajibu imetoka dukani kwake. Kisha wakampa maikrofoni bibi wa bibi harusi, mama mzee sana aliyeletwa kwa kubebwa pamoja na kiti chake, ili amwombee dua mjukuu wake. Alianza kwa sauti ndogo, uani pakawa kimya kumsikiliza. Spika ikakwaruza, ikatoa mlio wa bati linaloburutwa, na chini ya amplifaya nta ikaanza kudondoka. Moshi ulifuata, na pale uani pakanuka mishumaa. Vijana wakacheka. Yule mama aliitazama maikrofoni, akadhani ameiharibu yeye, akairudisha kwa mikono miwili akiomba radhi. Dua haikuendelea, na kati ya mengi niliyowahi kuharibu maishani, hilo ndilo linalonirudia nikiwa nakula.

Jumatatu asubuhi Bwana Narendra alikuja nyuma kabla hajafungua duka.

"Ulisema ikishindwa, uulizwe wewe."

"Nilisema."

"Basi nakuuliza."

"Imeshindwa," akasema Kibwana. "Sina la kuongeza."

Bwana Narendra alingoja. Nadhani alitaka aambiwe chochote: unyevu, valvu mbovu, watoto waliopiga teke meza. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka pale, pasi ya kuchomelea ikiwa moto mkononi. Palikuwa na nafasi ya kusema maneno manne. Nimeyahesabu baadaye: nilikosea hesabu, nikanyamaza, mimi. Hata nafasi ya kuyasema mawili ya kwanza ilikuwepo. Lakini mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa, harusi yangu ilikuwa baada ya Pasaka, na nilijiambia kwamba fundi hodari kama Kibwana hawezi kukosa meza mahali pengine, na kibarua kama mimi atakosa. Hicho ndicho nilichokiita hekima.

Aliambiwa aondoke. Alikusanya mita yake na penseli yake. Kitambaa chekundu alikiacha mezani. Alipopita karibu yangu alisema tu, "Mkono mfukoni, Aloisi." Nilipoutazama, mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa bati, na amplifaya ilikuwa imechomekwa ukutani.

Bwana Narendra aliniambia nijaribu kuokoa kilichobaki. Nilifunga mlango kwa komeo, nikaifungua transfoma, waya kwa waya, nikihesabu. Nilipofika pale ilipopandana, vanishi ilikuwa imekwanguka kwa ukucha wangu na waya umeungua mweusi. Jumla ilikuwa elfu moja, mia tatu, thelathini na saba. Zilipungua sitini na tatu. Nilisuka upya kwa siku mbili, mlango umefungwa, na akina nani waligonga sijui hata leo. Nilifunga nyaya kama Kibwana alivyozichora kwenye karatasi za sukari, zote kwenye bolti yake. Nilipoiwasha, niliweka sikio kwenye spika nikadhani haijawaka. Ilikuwa kimya kabisa.

"Umemshinda mwalimu wako," akasema Bwana Narendra, na akawaita majirani waje wasikie kimya. Waliiona bolti, wakauliza ni ya nini, na mimi nikawaeleza vizuri sana. Sikusema ni yangu. Sikusema si yangu. Mafundi wa maduka mengine wakaja kuitazama, nao wakaondoka nayo kwa jina langu, na jina hilo likanitangulia kila nilikokwenda, hadi kwenye karakana yenu.

Kibwana hakupata meza nyingine. Wenye maduka Uhindini walijuana, na habari ya harusi ilitembea kwa kasi kuliko yeye. Nilisikia yuko Kariakoo, kwenye kibaraza cha duka la mabati, anatengeneza taa za karabai na stovu za mafuta ya taa. Kariakoo ndiko nilikolala. Kwa miaka minne nilizunguka mtaa mzima ili nisipite kibaraza kile.

Siku niliyokwenda, Agnesi, sasa mke wangu, ndiye aliyenisukuma. Nilikuwa nimemweleza, naye aliniambia kwamba hataki kuwa sababu ya mtu mwingine kuishi kwa kuzibua stovu za watu, na kwamba nisirudi nyumbani kabla sijakwenda kwake. Ilikuwa asubuhi, sokoni kumejaa. Nilimkuta amepiga magoti anazibua jiko kwa sindano, mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto uko mfukoni. Kwenye stovu hakuna umeme. Ilikuwa mazoea tu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Alizibua tundu, akalipuliza, akalitazama kwenye mwanga. Kisha akauliza, "Zilipungua ngapi?"

Nilichuchumaa.

"Sitini na tatu."

"Mimi kwa kupima nilipata sitini," akasema. "Mita yangu ni ya zamani."

"Fundi, ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Transfoma ni kazi ya siku mbili kuifungua. Nilitaka uifungue wewe." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Sasa naona nami nilingoja sana."

Nilimwambia nitakwenda kwa Bwana Narendra siku ileile. Akaniambia Bwana Narendra alikwisha uza duka mwezi uliopita na kuhama, je, sikuona? Niliona. Nilikuwa nafanya kazi humo humo, kwa mwenye duka mpya. Nilichagua kwenda kuungama pale ambapo ungamo halikuwa tena na kazi, na yeye alilijua hilo kabla sijamaliza kuchuchumaa. Alinipa lile jiko nilishike alipokuwa akikaza kichwa cha jiko. Mteja alipokuja nikaondoka.

Nimemkasirikia pia, niseme ukweli. Ile subira yake ilinigharimu. Mwalimu anayejua na kunyamaza ili mwanafunzi akomae anachezea maisha ya watu, na kati ya hayo yalikuwamo yake mwenyewe. Lakini nikimkasirikia kwa muda hivi hasira inaisha, na inayobaki ni ya kujikasirikia mwenyewe. Alizikwa kabla bendera haijabadilika. Nilisimama nyuma kabisa ya waombolezaji, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani kwake.

Kibao chenu nimekirudisha. Kiko kwa mlinzi wa zamu. Jina langu nimelikwangua kwa msasa, limebaki doa jeupe kwenye mninga. Juu ya doa nimeandika kwa penseli BOLTI YA FUNDI KIBWANA, kwa sababu mkono wangu siku hizi unatetemeka na patasi siiwezi. Mwenye mkono imara kati yenu achonge kufuata maandishi hayo.

Ndani ya bahasha hii pia kuna kitambaa chekundu. Kimefifia lakini kinaonekana. Mkisuka, kitundikeni, na akija mtu, hata awe mkwe wako ametoka Moshi kwa treni, maliza mia yako kwanza ndipo usimame. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kwa sababu waya unafunguka. Mimi zangu sitini na tatu ninazo hadi leo.